Kabla hujalipia darasa la sanaa kwenye kituo cha jamii, uliza studio inafunguliwa lini nje ya kipindi

Mkono wa Udongo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Napokea ujumbe wa faragha mara kwa mara, na swali ni lile lile: "Nataka kujifunza kuchora au kufinyanga. Kituo cha sanaa cha jamii kina madarasa na warsha chungu nzima. Nichukue lipi?" Nimeona nijibu hapa kwa urefu ili wengine nao wanufaike.

Huu ni mwaka wangu wa 7 kwenye madarasa haya. Nilianza na penseli na mkaa, nikahamia rangi ya maji, nikatua kwenye ufinyanzi na sijatoka. Miaka 2 hii ya karibuni najitolea kupakia na kupakua tanuri, kwa hiyo kazi za wanafunzi zinapita mikononi mwangu kabla hazijaungua na baada ya kuungua.

Watu wengi wanachagua darasa kwa kutazama picha ya kazi iliyokamilika. Bakuli linang'aa, wanalitaka bakuli. Wanalipa, wanahudhuria, wanaondoka na bakuli, na mwezi mmodi baadaye ukiwapa donge la udongo hawajui pa kuanzia. Hawakuwa wavivu. Hakuna aliyewaambia waulize hili: kati ya kipindi na kipindi, nitaruhusiwa kuingia studio kufanya mazoezi peke yangu?

Piga hesabu mwenyewe. Kipindi ni saa 2 kwa wiki. Dakika 20 za mwanzo mwalimu anaonyesha, dakika 20 za mwisho mnasafisha meza, mnaosha brashi na zana. Unabakiwa na saa moja na dakika 20, na kama gurudumu moja la kufinyangia mnalitumia watu 2, gawa tena. Kwenye gurudumu jambo la kwanza ni kulituliza donge katikati, lizunguke bila kuyumba. Hilo halieleweki kwa kichwa. Linaeleweka kwa kiwiko kilichobanwa kwenye paja na kiganja kilichokataa kusukumwa, na linakuja baada ya kurudia mara nyingi sana, siku zinazokaribiana.

Kozi yangu ya kwanza ya gurudumu ilikuwa ya wiki 6 bila saa za ziada. Wiki ya 6 udongo ulikuwa bado unaniyumbisha mikono. Kozi ya pili niliifanya mahali pengine, wiki 6 vilevile, ila studio ilikuwa wazi jioni 2 kila wiki kwa wanafunzi. Wiki ya 4 donge likatulia. Nilikaa pale nikiliangalia linazunguka, sikutaka hata kulifungua. Walimu wa kozi zote mbili walikuwa wazuri, na udongo ulikuwa wa aina moja. Nilichopata safari ya pili ni mahali pa kurudi.

Ndiyo maana nasema studio ya wazi ndiyo swali la kwanza. La pili ni nani anachoma, na anachoma mara ngapi, kwa sababu kuna vituo ambako kazi yako inasubiri rafuni hadi tanuri lijae, na unajua kosa lako ulipoanza kulisahau. Uliza ada inajumuisha nini: udongo, rangi, karatasi, uchomaji, aproni. Uliza darasa lina watu wangapi. Na ukipata nafasi, chungulia kipindi kimoja kabla ya kujiandikisha umwangalie mwalimu. Mwanafunzi anapokwama, mwalimu anashika brashi na kumsahihishia juu ya karatasi yake, au anachukua karatasi nyingine na kuonyesha pembeni? Yule wa pili ndiye wa kumfuata.

Niseme kidogo kuhusu vituo vyenyewe, maana wapo wanaovidharau kama mahali pa kupotezea muda. Mwaka 1935 serikali ya Marekani, katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, ilianzisha mradi wa kuwapa wasanii ajira, Federal Art Project. Hadi ulipofungwa mwaka 1943 ulikuwa umesaidia kuanzisha zaidi ya vituo 100 vya sanaa vya jamii. Kile cha Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, kilifunguliwa mwaka 1937, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa mchongaji Augusta Savage. Katika mazingira hayo ya Harlem alikulia Jacob Lawrence. Alifundishwa na Charles Alston tangu utotoni, kwenye programu ya watoto ya baada ya masomo, na alipokua akapata kona yake ya kufanyia kazi ndani ya studio ya mwalimu wake. Miaka ya 1940 na 1941, akiwa kijana wa miaka 23, alikamilisha picha 60 zinazosimulia kuhama kwa Wamarekani weusi kutoka kusini kwenda kaskazini. Ninaposoma habari zake nasimama kila mara kwenye ile kona. Mafunzo alipata, sawa, lakini alipata na kona.

Kule Chicago kituo cha South Side kilichofunguliwa mwaka 1940 bado kinafanya kazi mpaka leo. Johannesburg walikuwa na kituo cha Polly Street, kilichoanza mwaka 1949. Cecil Skotnes alikichukua mwaka 1952, na mikononi mwake wakapita kina Sydney Kumalo na Ezrom Legae, wakati ambapo milango ya vyuo vingi ilikuwa imefungwa kwa mtu mweusi. Vituo vya aina hii vimebeba watu wazito.

Karibuni tujadiliane. Wenye maswali ya rangi na kuchora ulizeni pia, nitajibu ninayoyajua.

Risasi ya Penseli

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho. Nakubaliana na mengi ila hapa naona umeruka kitu. Video za kufundisha sanaa zimejaa mtandaoni, bure, na unaweza kusimamisha na kurudia. Nimejifunza kuchora nyuso kwa njia hiyo bila kukanyaga kituo chochote. Kwa nini mtu alipe na kusafiri?

Mkono wa Udongo

Mkuu, kwa kuchora una hoja na sitaibeza. Penseli, karatasi na kitu cha kutazama vinatosha kuanzia, na bidii yako imezaa matunda. Lakini kuna mambo mawili.

Kwanza, video haikuoni. Mimi nilichora kwa mwaka mzima nikiwa nimeshika penseli kama ninayeandika barua, vidole karibu na ncha, mkono umelala mezani. Mistari yangu ilikuwa mifupi, ya kukwaruza. Siku ya kwanza darasani mwalimu alinisimamisha mbele ya stendi, akanipa mkaa, akaniambia nishike kwa mbali na nichore kutoka begani. Alisema sentensi moja tu. Kwenye video zote nilizotazama, mchoraji alikuwa anashika vizuri, na mimi sikujua kwamba sishiki kama yeye.

Pili, darasani unaona makosa ya wenzako. Mnachora chombo kimoja watu 12 kutoka pembe 12. Ukizunguka chumba unakuta wanane wamechora mdomo wa chombo kama ncha mbili zilizochongoka badala ya mviringo uliolala, halafu unarudi kwenye karatasi yako na kukuta na wewe ni mmoja wao. Kosa lako mwenyewe huwezi kuliona hadi ulione kwa mwingine.

Zaidi ya hapo, tanuri na mashine ya kuchapia huwezi kuvipata kwenye video.

Risasi ya Penseli

Hiyo ya kushika penseli imenigusa. Nimejaribu sasa hivi kuchora kutoka begani, mstari umenyooka kuliko kawaida yangu. Ninafuatilia.

Mama Pacha

Habari zenu. Mimi swali langu ni la watoto. Wanangu wana miaka 6, wanahudhuria darasa la Jumamosi. Kila wakirudi wana kipepeo, au samaki, au ua, na ukiwauliza wenzao nao wana kipepeo yule yule, rangi zile zile, macho yamebandikwa mahali pale pale. Wanafurahi, lakini mimi najiuliza kama wanajifunza chochote. Nawatoa au nawaacha?

Rangi Saba

Dada, niruhusu nijibu hili kwa sababu ni kazi yangu. Nimefundisha watoto na watu wazima kwenye vituo vya jamii kwa muda mrefu.

Kazi 15 zinazofanana zinaonyesha kwamba mtu mzima ndiye aliyeamua, na mtoto alikuwa anafuata maelekezo. Kufuata maelekezo nako kuna faida zake: mkasi, gundi, kukunja, mikono inapata nguvu. Lakini usiite hiyo sanaa, na isiwe chakula cha kila Jumamosi. Mwaka 1897 kule Vienna, Franz Cižek alifungua darasa la sanaa la watoto kwa imani kwamba mtoto ana njia yake ya kuchora, na kazi ya mwalimu ni kumwandalia mahali na vifaa kisha kuilinda njia hiyo. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunalipigania jambo lile lile.

Mtoto wa miaka 3 au 4 akichora mtu, mara nyingi kichwa kinatoa miguu moja kwa moja, kiwiliwili hakipo. Si kosa, usimsahihishe. Ndivyo watoto wanavyoanza, na atafika kwenye kiwiliwili mwenyewe. Wako wana miaka 6, wameshaanza kuweka mstari wa ardhi chini na anga juu. Ukimpa kipepeo aliyekwisha kukatwa unamrudisha nyuma.

Zungumza na mwalimu kwa upole kabla ya kuwatoa. Mwombe hata nusu ya kipindi iwe ya vifaa vilivyo wazi mezani na mada pana, mfano "kitu kinachoishi chini ya maji". Nyumbani, mtoto akikuletea picha, usimuulize "hii ni nini?" Swali hilo linamwambia kwamba picha haijaeleweka. Mwambie "nisimulie", halafu nyamaza umsikilize.

Mama Pacha

Asante sana mwalimu. Leo nimejaribu "nisimulie". Kurwa amenieleza mchoro mmoja kwa dakika 10, na mimi nilidhani ni vurugu za kalamu tu. Nitaongea na mwalimu wao Jumamosi.

Rangi Saba

Nimefurahi dada.

Sasa nirudi kwa mleta uzi. Ndugu yangu, kwa kuweka studio ya wazi mbele ya yote, umezinyima haki warsha za siku moja. Umezipima kwa kipimo cha ufinyanzi, na kila sanaa ina muda wake.

Chukua uchapaji wa lino, yaani kuchonga picha kwenye bamba laini la linoliamu na kuichapa kwenye karatasi. Asubuhi mtu anachora, anahamishia kwenye lino, anachonga, anapaka wino kwa rola, analaza karatasi, anasugua kwa mgongo wa kijiko, ananyanyua. Kwa saa 3 ameuona mzunguko wote, mwanzo mpaka mwisho. Akisahau kugeuza herufi zinatoka kinyumenyume na anajua papo hapo. Akichonga kidogo mno, wino unajaa kwenye mifereji na picha inafumba, anajua papo hapo. Anarudi kuchonga, anachapa ya pili. Warsha ya siku moja ya lino ni elimu kamili kabisa.

Ufinyanzi hauwezi hivyo. Kazi inataka siku kadhaa kukauka, inachomwa mara ya kwanza, inapakwa glezi (ile rangi inayoyeyuka na kung'aa kama kioo), inachomwa tena. Aliyetengeneza Jumamosi anaona matokeo wiki 3 baadaye, na pengine hayupo tena. Kwa hiyo ningebadilisha ushauri wako. Kwanza muulize mwalimu: "Mzunguko wa kazi hii unachukua muda gani, na mimi nitakuwepo hadi mwisho wake?" Kozi ikiwa fupi kuliko mzunguko, haifai. Kama mzunguko unaingia ndani ya siku moja, nenda bila wasiwasi.

Na jambo jingine, kwa upande wetu tunaoendesha. Studio ya wazi haijiendeshi yenyewe. Lazima awepo mtu anayejua vifaa. Mashine ya kuchapia inaweza kuponda kidole, tanuri halipaswi kuguswa na asiyejua, na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi, vikirundikwa vinapata joto vyenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Hiyo haina utani, inatokea. Vinawekwa kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, au vinatandazwa vikauke kimoja kimoja. Kituo kisipofungua studio jioni, mara nyingi ni kwa sababu hakina mtu wa kusimamia. Anayetaka saa za wazi ajitolee kusimamia zamu moja baada ya kufundishwa. Tunawahitaji sana watu hao.

Mkono wa Udongo

Mwalimu, nimekubali na narekebisha. Swali lako la mzunguko linatangulia swali langu la studio. Nilikuwa nafikiri kwa udongo tu.

Na hilo la kujitolea ndiyo njia niliyopitia kufika kwenye tanuri. Ngoja niwaambie nilichojifunza pale, kwa sababu wanafunzi wengi hawafundishwi na kazi zao zinapasuka bila wao kuelewa.

Kila mtu anasema chombo hupasuka kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani ya udongo. Hewa yenyewe haina ubaya mkubwa. Kinachovunja ni maji. Udongo unaoonekana mkavu kwa nje unaweza kuwa na unyevu katikati, hasa ukuta ukiwa mnene. Joto likipita nyuzi 100 maji hayo yanageuka mvuke, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile maji yaliyokuwa nayo. Hakuna pa kutokea, ukuta unalipuka, na vipande vinavunja kazi za majirani rafuni. Nilipakia tanuri siku moja kukiwa na sanamu nene ya mwanafunzi. Niliigusa kwa shavu nikahisi ubaridi, nikajiambia ni ubaridi wa chumba. Ule ubaridi ulikuwa unyevu. Zilivunjika kazi 5 za watu wengine. Niliwapigia simu wenyewe, mmoja baada ya mwingine, na mmoja alikuwa ametengeneza zawadi kwa mama yake. Tangu hapo kitu kikiwa baridi shavuni hakiingii.

Mkifinyanga sanamu, ikikaza kidogo ikate katikati, ichimbeni ndani iwe na uwazi, muiunge tena na kuitoboa tundu dogo. Ukuta wa unene wa kidole chembamba unatosha. Na pangeni ukubwa mkijua kwamba udongo unasinyaa: kutoka ubichi hadi mwisho wa uchomaji unapungua kwa asilimia 10 hivi, wakati mwingine zaidi, kutegemea aina yake. Kikombe kinachokutosha mkononi kikiwa kibichi kitakuwa kidogo.

Watu wanatusumbua tufungue tanuri mapema. Uchomaji wa kwanza unafika nyuzi 1,000 hivi, na wa pili, kwa udongo mgumu, nyuzi 1,200 na kuendelea. Kazi ikipoa na kushuka chini ya nyuzi 573, chembechembe za kwatsi, madini yaliyomo kwenye mchanga, ndani ya udongo zinabadilika umbo ghafla na kusinyaa. Sehemu moja ikipoa haraka kuliko nyingine, chombo kinapata ufa. Ndiyo maana tunasubiri mpaka kesho yake, hata kama umekuja na hamu.

Na vumbi. Msifagie studio ya udongo kwa ufagio mkavu. Vumbi lile lina silika, na ukiivuta kwa miaka mapafu yanaharibika na hayarudi. Futeni kwa sifongo iliyolowa. Ukiona kituo wanafagia udongo mkavu huku watu wamekaa, zungumza nao. Hili nalisema kwa uzito wote.

Mgeni wa Jioni

Swali fupi. Rangi ya maji, karatasi yangu inajikunja mawimbi kila nikipaka. Nakosea wapi?

Rangi Saba

Karatasi nyepesi. Tafuta iliyoandikwa gramu 300 kwa mita ya mraba, au ibandike ile nyepesi kwenye ubao ikiwa imelowa, kwa utepe wa gundi, ikauke ikiwa imekazwa. Na weupe usiutafute kwenye kopo. Kwenye rangi ya maji weupe ni karatasi yenyewe, unaupanga kabla hujagusa brashi.

Kama unapata kijani kilichofifia, tazama bluu yako. Ultramarine inaelekea zambarau, na zambarau inaua njano. Chukua bluu inayoelekea kijani, changanya na njano ya limau, utaona tofauti kwa mguso wa kwanza.

Mstaafu

Habari zenu vijana. Nimesoma yote haya nikiwa kimya. Nina miaka 67. Nilipenda kuchora nikiwa mtoto, nikaambiwa sina kipaji, nikaacha. Sasa nina muda, lakini mkono wangu wa kulia unatetemeka. Naogopa kwenda kukaa na watu wenye mikono iliyotulia. Je, kuna darasa linalonifaa, au niliache lilivyo?

Mkono wa Udongo

Shikamoo mzee. Usiliache.

Mtetemo unasumbua zaidi pale ambapo kazi inadai ncha ndogo na mstari mwembamba. Kwa hiyo usianze na penseli kali wala na gurudumu. Anza na ufinyanzi wa mkono: unaviringisha kamba za udongo, unazipanga moja juu ya nyingine kwa duara, unaziunganisha kwa dole gumba. Udongo unapokea nguvu ya kiganja kizima na haukimbii. Ukichoka unafunika kwa nailoni, unarudi keshokutwa. Wafinyanzi wametengeneza mitungi mikubwa kwa namna hii kwa maelfu ya miaka, bila gurudumu.

Hao waliokuambia huna kipaji walimhukumu mtoto ambaye hajafundishwa. Walikosea, na naumia kwamba uliishi na neno hilo miaka yote.

Rangi Saba

Shikamoo mzee. Naongezea: hata kuchora kunawezekana, kwa mkaa mnene na karatasi kubwa, ukisimama, mkono ukitembea kutoka begani. Hapo mtetemo wa kiganja unapungua nguvu. Nimekuwa na wanafunzi wa hali kama yako, na mistari yao ina uhai ambao wengine wanautafuta. Nenda siku ya wiki, mchana, madarasa hayo huwa na watu wachache. Mweleze mwalimu mapema ili akupe meza nzito isiyotikisika.

Mstaafu

Marahaba wanangu. Nitakwenda kuuliza.

Mama Pacha

Kurejesha mrejesho kidogo: mwalimu alinisikiliza. Jumamosi hii meza ilikuwa na maboksi, nyuzi na rangi, wakaambiwa watengeneze mnyama ambaye hajawahi kuonekana. Doto ametengeneza mwenye miguu 9 na ameniambia kila mguu unafanya kazi gani.

Mstaafu

Habari zenu tena. Zimepita wiki 5 tangu niandike. Nilikwenda. Niliuliza lile swali la mzunguko na lile la studio, wakaniambia Jumanne na Alhamisi mchana ni wazi. Nimekuwa nikienda siku zote mbili.

Mkono unatetemeka vilevile, na kamba zangu zina mawimbi. Mwalimu hakuzinyoosha. Nimetengeneza mtungi wenye urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Jana nimeukuta una ufa mahali kitako kinapokutana na ukuta, umezunguka karibu nusu. Tayari umekauka, rangi imepauka. Nimejaza uji wa udongo kwenye ufa, leo umefunguka tena. Nifanyeje?

Mkono wa Udongo

Shikamoo mzee. Urefu huo kwa wiki 5 si jambo dogo.

Ufa wa mahali hapo una sababu mbili, mara nyingi zikiwa pamoja. Ya kwanza, kitako kilikuwa kimeanza kukaza ulipoweka kamba ya kwanza, na pengine hukukwaruza pande zote mbili na kupaka uji wa udongo kabla ya kuunganisha. Ya pili, ukuta ulikauka haraka kuliko kitako, ukasinyaa na kukivuta. Uji unaojaza sasa umejaa maji, utasinyaa zaidi ya udongo mkavu ulioko pembeni, ndiyo maana unafunguka kila ukijaza. Ufa kwenye udongo uliokauka kabisa hauzibiki kwa namna ya kudumu, na nikiupakia tanurini utapanuka.

Lakini udongo ambao haujachomwa haujapotea. Uvunje mtungi vipande vidogo, utie kwenye ndoo, ujaze maji hadi ufunike, uache bila kukoroga. Ukiwa mkavu hivyo utavunjika wenyewe na kuwa matope laini kabla ya siku kuisha. Siku ya pili mwaga maji ya juu, tandaza matope kwenye bamba la plasta, yakikaza yakande. Utakuwa na udongo ule ule, na safari hii kitako na ukuta vijenge siku moja, viunganishe kwa kukwaruza, bana kamba nyembamba ya udongo kwenye kona ya ndani, kisha funika kwa nailoni ukauke polepole kwa wiki nzima, ukiwa umekaa juu ya vijiti ili hewa ifike na chini.

Mstaafu

Nimeelewa mwanangu. Jumanne studio inafunguliwa saa 8 mchana. Nitakwenda na ndoo.